Katapila Limefika Mtaani: Mwongozo wa Kuishi na Ujenzi wa Barabara Bila Kukonda

Kwetu ilianza na vikombe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi vikombe vya kabatini vikaanza kugongana. Mke wangu akadhani tetemeko, mimi nikadhani panya. Kufungua dirisha, rola hiyo inapita, hatua kama kumi na tano kutoka ukuta wa chumba cha watoto. Tangazo lilikuwepo, kumbe. Mwenyekiti alilisema kwenye mkutano wa mtaa, na mkutano wenyewe wengi wetu tuliusikia kwa mbali kwenye spika ya bajaji tukiwa tunaoga.

Kazi ile ilituchukua zaidi ya miaka miwili. Nilichaguliwa katibu wa kamati ya wakazi, si kwa sifa yoyote bali kwa sababu nilikuwa na kalamu siku ile. Miezi minne ya mwanzo tuliipoteza kwa kugombana na madereva wa malori. Mambo yalianza kubadilika tulipogundua jambo moja: sehemu kubwa ya tuliyokuwa tukiyaomba kama hisani, kumwagia maji vumbi, kuweka daraja la mbao, kuziba shimo, ilikuwa tayari kwenye mkataba na imetengewa fedha. Hatukuwa tunaomba. Tulikuwa tunakumbusha.

Nayaandika haya nikiifikiria Dar es Salaam, lakini aliyeko Mwanza, Dodoma au Arusha atabadilisha majina ya ofisi na kuendelea.

Hatua ya kwanza: Soma bango kabla ya kupandisha sauti

Tafuta bango la mradi. Kwa kawaida husimamishwa mwanzo na mwisho wa eneo la kazi, na lina wahusika watatu ambao watu huwachanganya: mwajiri, mkandarasi na mhandisi mshauri.

Mwajiri ndiye mwenye mradi. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na hata njia za mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, hujengwa chini ya TANROADS ingawa uendeshaji wa mabasi uko chini ya wakala wake, DART. Barabara za ndani ya mitaa ni za TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Wanaofukua mtaro wa bomba huenda ni mamlaka ya maji, kwa Dar es Salaam DAWASA. Ukimwandikia TARURA barua kuhusu barabara ya TANROADS utajibiwa kwa adabu sana, baada ya wiki tatu, kwamba si yao.

Mkandarasi ndiye mwenye mitambo. Mhandisi mshauri huyu sasa ndiye watu wengi hawamjui. Anasimamia kazi kwa niaba ya mwajiri, anakagua kilichofanyika, na malipo ya mkandarasi yanapita kwenye saini yake. Dereva wa lori analipwa kwa tripu. Ukimsimamisha umlalamikie vumbi unamkatia mkate wake, na matusi utakayopata ni halali yako. Nakala ya barua ikitua mezani kwa mhandisi mshauri, mkandarasi atakuja mwenyewe kuwatafuta.

Lipige picha bango lote. Chukua namba ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la mfadhili. Mfadhili ana maana kuliko anavyoonekana. Awamu ya tatu na ya nne za mwendokasi zina fedha za Benki ya Dunia, na hali kadhalika mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP, ulioweka lami na mifereji katika mitaa mingi ya Dar es Salaam. Awamu ya pili, ya Mbagala, iligharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki hizi hudai kila mradi uwe na utaratibu wa kupokea malalamiko: ofisa wa jamii, daftari la kusajili, na kamati. Ulizia hivyo kwa majina. "Naomba kusajili lalamiko, nipatie namba ya usajili." Sentensi hiyo tu.

Bango lisipokuwepo, nenda kwa mtendaji wa mtaa. Naye asipojua, hilo lenyewe ni lalamiko la kwanza.

Hatua ya pili: Piga picha nyumba yako ikiwa bado nzima

Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki zao, kwa hiyo nitakawia.

Ukuta ukipasuka baada ya rola kupita, swali la kwanza utakaloulizwa ni: una uhakika ufa huu haukuwepo? Na kusema kweli nyumba zetu nyingi zina nyufa. Tofali za kuchoma, simenti nusu mfuko, msingi wa haraka, mwembe nyuma ya nyumba. Usipokuwa na ushahidi wa hali ya jana, neno lako litagongana na neno la mtu mwenye kofia ngumu, na kofia ngumu hushinda.

Siku moja kabla mitambo haijakukaribia, au leo kama imeshakaribia, zunguka nyumba kwa simu. Piga picha ukuta wa nje kila upande kwa mbali, kisha kwa karibu. Piga pembe za madirisha na milango, kwani nyufa huanzia hapo. Piga sakafu, uzio, geti, karo la maji machafu, mfuniko wa shimo la choo, tangi, mita ya maji na mtaro wa mbele. Kwenye ufa uliopo tayari, weka sarafu ya shilingi mia pembeni ndipo upige, ili upana uonekane. Chora mstari mdogo wa penseli pale ufa unapoishia na uandike tarehe ukutani. Ukirudi baada ya mwezi ukakuta ufa umeuvuka mstari, huna haja ya kubishana na mtu.

Fundi mmoja mzee alitufundisha jambo zuri zaidi. Koroga simenti kidogo au jipsamu, bandika kipande chembamba kama biskuti kikatishe juu ya ufa, andika tarehe, kiache kikauke. Ufa ukiwa umelala, kipande kitabaki kizima miezi na miezi. Ukiwa unatembea, kitapasuka katikati. Wahandisi wa saiti walikuja kukitazama wakakiheshimu kuliko barua zetu zote.

Picha hizo zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, maana simu huibiwa. Kisha mwombe mjumbe wa shina au mtendaji apite asaini karatasi kwamba ameiona nyumba katika hali hiyo tarehe hiyo. Bora kuliko yote ni kuomba ukaguzi wa pamoja: ofisa wa mkandarasi, mtu wa mhandisi mshauri na mwenye nyumba wanazunguka pamoja na kusaini. Wakandarasi wengi wakubwa hukubali, kwa sababu nao hawataki kulipia nyufa za mwaka 1998. Na kwa kawaida mkandarasi ana bima inayogusa mali za watu wengine. Hatoi mfukoni, ingawa atakuonyesha sura kama anatoa mfukoni.

Jambo jingine kuhusu rola. Mashine nyingi za kushindilia zina sehemu ya mtetemo inayoweza kuzimwa. Ikizimwa, rola hufanya kazi kwa uzito wake tu, inapita mara nyingi zaidi, lakini vikombe vinatulia. Sisi hatukujua mpaka mwezi wa sita wa kazi. Omba kwa maandishi kwamba mbele ya nyumba zilizo karibu na barabara rola ipite bila mtetemo, na utaje nyumba zenyewe.

Hatua ya tatu: Fungua daftari, na uache kutegemea kundi la WhatsApp

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu 140 na ujumbe wa sauti wa dakika nne nne. Siku mhandisi alipotuuliza ni usiku gani hasa kazi ilifanyika mpaka saa nane, hakuna aliyeweza kupata jibu katikati ya matangazo ya vitumbua na picha za "asubuhi njema".

Nunua daftari la karatasi. Andika tarehe, saa, mahali, kilichotokea, namba ya gari au ya mtambo, nani aliambiwa na alijibu nini. Mistari miwili inatosha. Picha ziwe kwenye simu, daftarini andika tu "picha ipo".

Angalia sana saa. Barua yetu ya kwanza ilisema "mashine zinapiga kelele mpaka saa nane", mkalimani akamtafsiria mhandisi mgeni kwamba ni saa mbili usiku, naye akashangaa wananchi hawa wanalalaje mapema hivyo. Tangu siku ile tuliandika "saa 8 usiku, yaani 02:00".

Hatua ya nne: Kamati ndogo na barua fupi

Ombeni mkutano wa mtaa kupitia mwenyekiti, na mchague watu watano hadi saba. Msiweke wenye nyumba peke yao. Kwetu aliyetusaidia kuliko wote alikuwa mama lishe, kwa sababu nusu ya mafundi wa saiti walikuwa wakila kwake na alijua kesho wanahamia wapi kabla ya msimamizi wao. Wekeni mpangaji, mwenye duka, mwalimu wa shule iliyo karibu, na kiongozi wa kijiwe cha bodaboda. Muwe na mtu anayejua mzee gani anatumia kiti cha magurudumu na mama gani anakaribia kujifungua.

Barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa ili iwe na mhuri, iende kwa mwajiri, nakala kwa mhandisi mshauri, kwa mkandarasi na kwa diwani. Peleka nakala mbili kila ofisi, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" urudi nayo. Isizidi ukurasa mmoja. Yetu iliyofanya kazi ilikuwa na umbo hili:

"Yah: Vumbi na njia za kuingilia nyumba kati ya kalavati la pili na msikiti. Sisi wakazi wa nyumba 34 katika kipande hicho tunaunga mkono mradi huu. Kuanzia tarehe 3 hadi 14 mwezi huu boza la maji lilipita mara mbili tu (angalia kiambatisho). Nyumba 9 hazina njia ya kuingilia tangu mtaro uchimbwe. Katika hizo, 2 zina wagonjwa wasioweza kuruka mtaro. Tunaomba: kwanza, maji yamwagwe kabla ya saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni siku zisizo na mvua. Pili, madaraja ya mbao yenye mkono wa kushikia yawekwe kwenye nyumba 9 zilizoorodheshwa ndani ya siku 3. Tatu, tupatiwe jina na simu ya ofisa mmoja tutakayewasiliana naye. Tunapendekeza kukutana saiti siku ya Ijumaa saa 4 asubuhi."

Hakuna neno "kunyanyaswa" humo, wala "serikali sikivu". Kuna idadi, tarehe, mahali na ombi ambalo mtu anaweza kulitekeleza kesho asubuhi bila kumpigia simu waziri. Barua ya kusimamisha mradi mzima huwekwa kwenye faili. Barua ya madaraja tisa ya mbao hupewa fundi seremala.

Hatua ya tano: Vumbi, kelele, maji na mitaro

Vumbi kwanza, kwa sababu ndilo linaloingia kwenye mapafu. Miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tathmini hiyo huzaa mpango unaosema mkandarasi atafanya nini kuhusu vumbi, kelele na taka. Ombeni kuuona. Utakuta karibu kila mara: kumwagia maji, kufunika malori ya kifusi kwa turubai, kupunguza mwendo kwenye barabara ya mchepuko. Ukishaujua, hutasema tena "tunaomba mtusaidie maji". Utasema "mpango wenu unataja maji kila siku na jana hayakuja".

Ndani ya nyumba, acha kufagia kwa ufagio mkavu. Unalihamisha vumbi kutoka sakafuni kwenda puani. Piga deki, na pangusa vitu kwa kitambaa chenye maji. Madirisha ya upande wa barabara yafungwe mchana, ya nyuma yafunguliwe, na usiku malori yakilala ufungue yote. Nguo anika asubuhi sana au nyuma ya nyumba. Tangi la maji lifunikwe vizuri, na bati likiwa na vumbi la miezi usikinge maji ya mvua ya kwanza. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Kwa mwenye pumu tafuta zile nene za viwandani zinazobana puani, au kama inawezekana ahamie kwa ndugu wiki zile za kumwaga kifusi. Tulimhamisha mtoto wa jirani kwa bibi yake kwa mwezi mzima na hakuna aliyeona aibu.

Kelele za mchana ni za kuvumilia. Za usiku zina mjadala. Kuna kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, na viwango vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. Msimamizi wake ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Hata hivyo baadhi ya kazi hufanywa usiku kwa makusudi ili foleni ya mchana isiue jiji, na kuna kumwaga zege ambako hakuwezi kukatwa katikati. Kwa hiyo ombi la busara ni kuarifiwa siku mbili kabla, kelele nzito ziishe saa 4 usiku, na jenereta na taa kubwa zisielekezwe madirishani. Ile sauti ya lori linaporudi nyuma ndiyo ilitumaliza sisi. Tuliomba malori yaingie upande mmoja na kutokea mwingine, yasihitaji kurudi nyuma. Ikafanyika ndani ya siku nne.

Maji ya bomba yatakatika. Si labda. Meno ya katapila hayaoni mabomba, na ramani za mabomba mara nyingi haziko sawa na mabomba yenyewe. Wazee wa mtaa wanajua bomba la mwaka 1980 limepita wapi. Muwapeleke kwa msimamizi kabla ya kuchimba, naye atashukuru. Weka akiba ya maji ya siku tatu. Bomba likikatwa, piga picha, ripoti kwa mamlaka ya maji na upate namba ya taarifa, kwa sababu mwisho wa mwezi ankara inaweza kuja na maji yaliyomwagika mtaroni.

Mitaro iliyo wazi ndiyo inayoua. Mtaro usio na utepe, taa wala kizuizi usiku ni kosa la usalama, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, anahusika. Msisubiri barua kwa hili. Wekeni matairi, miti na vitambaa vyeupe wenyewe usiku huohuo, pigeni picha, asubuhi mpeleke. Na kabla ya masika angalieni kama kifusi hakijaziba njia ya maji. Mafuriko mengi ya wakati wa ujenzi hayatoki mtoni, yanatoka kwenye kalavati lililojaa mchanga wa mradi.

Hatua ya sita: Foleni ikihamia ndani ya mtaa

Barabara kuu ikibanwa, madereva hugundua vichochoro. Wiki moja tu na mtaa wenu ambao kuku walikuwa wakivuka kwa mwendo wao unapitisha daladala, malori ya mchanga na bodaboda zinazopishana na ukuta.

Kishawishi cha kwanza ni kujenga tuta la zege usiku. Msifanye. Tuta lisilo na rangi wala alama huangusha bodaboda, na likimuumiza mtu mtaulizwa nani alitoa kibali. Mwandikieni TARURA waweke matuta ya vipimo vyao na alama. Ombeni pia kizuizi cha urefu, ile fremu ya chuma inayoruhusu gari dogo na kugomea lori. Kwa malori hiki kinafanya kazi kuliko kibao chochote. Lakini pimeni kwanza: gari la zimamoto na la kunyonya majitaka lazima liwe na njia nyingine ya kuingia.

Mkandarasi mwombeni watu wa bendera kwenye makutano ya mchepuko, hasa asubuhi na saa za shule kutoka. Askari wa usalama barabarani wapo kwa ajili hiyo pia, ila ni wachache. Kwa watoto wa shule sisi tuligawana zamu, mtu mzima mmoja kwa nyumba tano, kituo cha kukutania ni chini ya mti wa mkungu, tunavuka kwa pamoja saa 12:40 asubuhi. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walikubali wenyewe kusimamisha wenzao. Waliombwa vizuri, wakapewa na chai.

Kubalianeni upande mmoja wa kuegesha magari. Andikeni namba za dharura ukutani dukani: polisi 112, zimamoto 114. Na mjamzito wa mwezi wa tisa apange mapema njia ya hospitali wakati wa foleni, akiwa na dereva wa bajaji anayejua vichochoro. Usiku saa saba si wakati wa kujifunza mchepuko mpya.

Mwenye duka ambaye wateja wamepotea aombe kibao: "Maduka yamefunguliwa, pita huku". Ni mbao mbili na rangi, na mkandarasi huwa hana sababu ya kukataa.

Hatua ya saba: Ukiona alama ya X

Hapa tulia usome. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilipanuliwa kufikia mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Ndiyo asili ya rangi mbili za X zinazochorwa ukutani. X nyekundu humaanisha jengo limeingia ndani ya hifadhi ya zamani, halitarajiwi kulipwa. X ya kijani humaanisha barabara ndiyo iliyokufuata wewe, na una madai ya fidia. Kuna barabara zenye hifadhi pana zaidi: wakazi wa Kimara hadi Kiluvya walilijua hilo mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kwa hifadhi ya mita 121.5 kila upande wa Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo usipime kwa hatua zako. Omba vipimo vya barabara yako kwa maandishi.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hakikisha choo, kisima, uzio, miti na fremu ya duka vimehesabiwa, na upige picha fomu kabla ya kuirudisha. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na ndani yake mna posho ya usumbufu, ya makazi na ya usafiri, si thamani ya tofali peke yake. Atakayekuja jioni kusema anaweza "kuongeza namba" ukimpa kidogo ni kishoka, tapeli tu. Mpangaji naye asisubiri mwenye nyumba. Aulize mapema tarehe ya kuondoka na kodi aliyolipa mbele itarudije.

Hatua ya nane: Ikiwa si barabara bali ghorofa la jirani

Hili ni fupi lakini usilipuuze. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaporomoka na watu wake ndani, wakafa zaidi ya ishirini.

Jirani akianza kuchimba msingi mrefu kando ya ukuta wako, uliza kibali cha ujenzi halmashauri na bango lenye jina la mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ukuta wa shimo lazima uzuiwe usiporomoke. Dalili za kuondoka ndani ya nyumba, si za kuandikia barua, ni hizi: ufa wa ngazi ngazi unaofuata tofali na kupanuka ndani ya siku, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukagoma ghafla, sakafu kuinama, milio ya kukatika ukutani usiku. Toka, toa na wapangaji, ndipo upige simu.

Hatua ya tisa: Wasipojibu, na siku wakimaliza

Mpe mhandisi mshauri siku saba. Kimya? Meneja wa TANROADS wa mkoa au wa TARURA, ukiambatisha nakala zenye mihuri. Siku kumi na nne nyingine, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya, ukimshirikisha diwani na mbunge. Kelele na vumbi peleka NEMC ofisi ya kanda. Mradi wa fedha za benki ya nje, tumia dawati lake la malalamiko. Mahakama ipo, lakini ni ndefu na inahitaji wakili, kwa hiyo ibaki kwa fidia na nyumba zilizobomoka. Vyombo vya habari viiteni mkiwa na daftari mkononi. Bila daftari mtaonekana dakika moja kwenye taarifa ya habari mkilia, basi.

Lami ikishamwagwa watu hupumua na kamati hufa. Ndipo makosa. Baada ya kazi kukabidhiwa kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Tembeeni kipande chote siku ya mvua, si siku ya jua, mwone maji yanasimama wapi. Orodhesheni mifuniko iliyovunjika, ngazi za kuingilia nyumba zilizo juu mno, kifusi kilichoachwa, taa zisizowaka. Ipelekeni kabla kambi haijang'olewa, kwa sababu mitambo ikishaondoka hata shimo la ndoo moja ya zege hugeuka mradi mpya.

Orodha yetu ilikuwa na mambo kumi na tisa. Kumi na matatu yakafanyika. Kalavati la mbele ya msikiti bado linajaa mchanga kila masika, na vijana wa madrasa hulizibua kwa koleo mbili tulizonunua kwa michango.